Mtwara Inapeleka Nini ALAT?

Msikilizaji wangu wa Mtwara, leo nataka tuzungumzie chama ambacho pesa yako inakilipia ada kila mwaka, na huenda hakijawahi kutajwa hata mara moja kwenye mkutano mkuu wa kijiji chako. Chama hicho ni ALAT, Jumuiya ya Tawala za Mitaa Tanzania.

Nasema pesa yako kwa sababu wanachama wa ALAT ni halmashauri zenyewe: majiji, manispaa, miji na wilaya, zote 184 za Tanzania Bara. Halmashauri hulipa ada kutoka mapato yake ya ndani. Na mapato ya ndani tunayajua yanakotoka: ushuru wa korosho zako, ushuru wa samaki pale mwaloni, kodi ya kibanda sokoni, leseni ya duka. Kwa hiyo, ukiwa umepeleka gunia moja tu la korosho ghalani, umechangia chama hiki, na una haki ya kuuliza kinakufanyia nini.

Kazi zake ni mbili. Ya kwanza ni kuzisemea halmashauri mbele ya Serikali Kuu na Bunge, kwa sababu halmashauri moja ikipiga hodi Dodoma peke yake ni rahisi kuambiwa isubiri. Ya pili ni kuzisaidia: kuwapa madiwani wapya mafunzo, kuwakutanisha wenyeviti na wakurugenzi wajifunze wenzao wanafanyaje, kupeana uzoefu wa kutunga sheria ndogo na kukusanya mapato. Kila mkoa una tawi lake, ALAT Mkoa, na juu yake upo mkutano mkuu wa taifa, ambao mara kwa mara umefunguliwa na Rais wa nchi mwenyewe. Septemba 2021, kwa mfano, Rais Samia Suluhu Hassan aliuhutubia Dodoma. Chama ambacho Rais anakuja kukisikiliza si chama kidogo. Swali langu la leo ni sisi wa Mtwara tunakwenda kusema nini pale.

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu wengi wetu tumekuta halmashauri zipo na tukadhani zimekuwapo siku zote. Hazikuwapo. Mwaka 1972, katika mpango ule ulioitwa Madaraka Mikoani, Serikali ilizifuta halmashauri. Maofisa wakatoka makao makuu wakaletwa mikoani na wilayani, lakini diwani uliyemchagua wewe akakosa baraza la kukaa. Miaka minne baadaye, 1976, vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa. Kwa mkulima wa korosho wa Kusini ilikuwa ni kama kupigwa mara mbili: hana baraza la kusemea barabara na zahanati, hana ushirika wa kusemea bei. Mabaraza ya miji yakarudi 1978 baada ya hali ya miji kuwa mbaya. Sheria za Serikali za Mitaa zikapitishwa 1982, na mabaraza ya wilaya yakaanza tena 1984. Ibara za 145 na 146 za Katiba zikaipa serikali ya mitaa nafasi yake. Mwaka huohuo wa 1984 Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kwamba kama angepewa nafasi ya kuanza upya, mambo mawili asingeyafanya: kufuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika. Na Desemba 1984, halmashauri zilizorudishwa zikaunda ALAT.

Naieleza historia hii kwa sababu inatuonyesha asili ya chama. ALAT ilizaliwa na vyombo vilivyowahi kufutwa kwa uamuzi wa mara moja. Sababu yake ya kuwapo ni kwamba halmashauri zisije zikafutwa tena, wala kupunguzwa kidogokidogo hadi libaki jina na kibao cha ofisi. Kufutwa tena kwa sheria sidhani kama kutatokea. Huku kupunguzwa kidogokidogo ndiko kunakonitia wasiwasi.

Sikiliza mfululizo huu. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, ile iliyokuwa ikimfanya baba mtu mzima ajifiche porini mgambo wanapopita, ilifutwa. Ilikuwa kodi ya mateso, na mimi siililii hata kidogo. Lakini ilikuwa chanzo kikubwa cha halmashauri za vijijini, na badala yake zikapewa ruzuku kutoka Hazina, ambayo kiasi chake na siku ya kufika kwake vinaamuliwa na mwingine. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ukahamishiwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Mwaka uliofuata ushuru wa mabango nao ukaenda hukohuko. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme wa LUKU, mwanzo shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisha 1,500. Na kwenye bajeti ya 2017/18 ushuru wa mazao ya biashara ukashushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3, na wa mazao ya chakula ukawa asilimia 2.

Hilo la mwisho tulitulie kidogo, maana ndilo linalogusa mkoa wetu mzima. Tuchukue korosho kilo moja iliyouzwa shilingi 3,000. Kwa asilimia 5, halmashauri ilipata shilingi 150. Kwa asilimia 3, inapata shilingi 90. Kilo moja haionekani kuwa kitu. Fanya tani moja: shilingi 60,000 zimetoka kwenye mfuko wa halmashauri. Sasa zidisha kwa tani zote zinazotoka Tandahimba, Newala, Masasi, Nanyumbu na Nanyamba kwa msimu mmoja, uone ni madarasa mangapi na vyoo vingapi vya shule. Kisheria ushuru huu hulipwa na mnunuzi, na hoja ya Serikali ilikuwa kupunguza mzigo kwenye mazao ili mkulima naye anufaike. Ni hoja ya kusikilizwa. Lakini mtu akipunguza kapu la halmashauri kwa sababu nzuri, lazima aulizwe palepale: pengo litazibwa na nini, lini, na kwa sheria gani?

Hapo ndipo ninapoidai ALAT zaidi ya inavyotoa. Malalamiko ya halmashauri juu ya vyanzo vilivyochukuliwa yamesikika sana, na jumuiya imeyabeba. Ila yamesikika zaidi baada ya sheria kupita. Ukifika mkutano mkuu ukamwomba Rais akurudishie chanzo, hata kwa heshima zote, tayari umekwenda kama muombaji. Wakati wa kusema ni kabla. Muswada wa Sheria ya Fedha unafika bungeni Juni, na Kamati ya Bunge hupokea maoni ya wadau. Miezi mingi kabla ya hapo Wizara ya Fedha huwa imeshakaribisha mapendekezo ya kodi. Wenye viwanda wanapeleka makabrasha yao, yamepigwa hesabu na wataalamu wa kodi. Wenye hoteli hivyohivyo, na wenye benki hivyohivyo. Halmashauri nazo zinatakiwa kuingia chumba hicho na jedwali linaloonyesha kwamba, kwa kila halmashauri, pendekezo hili litaondoa kiasi hiki, na huduma itakayosimama ni hii. Kilio hakina uzito mbele ya jedwali. Narudia kwa wenye kalamu karibu: jumuiya iende Dodoma na hesabu mkononi.

Kuna mahali jumuiya ilishinda, na haki isemwe. Posho za madiwani zilikuwa zikilipwa na halmashauri zenyewe, na halmashauri maskini zilikaa miezi bila kulipa. Diwani anakopa nauli ya bodaboda kwenda kwenye kikao cha kuamua bajeti. ALAT ililibeba jambo hili mkutano hadi mkutano, na bajeti ya 2021/22 Serikali Kuu ikakubali kulipa posho hizo moja kwa moja, isipokuwa kwa halmashauri chache zenye mapato makubwa. Lilikuwa jambo la haki. Lakini nawaomba waheshimiwa madiwani wanisikilize bila kukasirika: jambo lililopiganiwa kwa muda mrefu hivyo lilikuwa la posho ya diwani. Nguvu ileile, uvumilivu uleule, vipelekwe kwenye madai ya kata.

Sasa tushuke pwani, kwenye mlango wa mto Ruvuma, kwa sababu hakuna mahali Tanzania panapoonyesha haja ya jumuiya hii kama pale.

Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa 1982, mwaka uleule zilipopitishwa sheria za serikali za mitaa. Ilikaa chini ya ardhi zaidi ya miaka 20 kabla ya kuanza kuzalisha umeme kwa ajili ya Mtwara na Lindi. Kisha likaja bomba la kuipeleka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, na wote tunakumbuka kilichofuata. Desemba 2012 watu waliandamana mjini Mtwara. Januari 2013 Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaja kukaa na makundi mbalimbali. Mei 22, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, mji ukawaka moto. Watu walipoteza maisha, nyumba na ofisi zikachomwa, wengine wakakimbia. Majeraha yale bado yapo katika familia nyingi, na sitaki kuyazungumza kijuujuu. Nasema hili moja tu: swali walilokuwa wakiuliza watu wa Mtwara, la sisi tunabaki na nini, lilikuwa ni swali la serikali ya mitaa. Lilistahili kujibiwa mezani, kwa vifungu na tarakimu, na chombo kinachozisemea halmashauri, miaka kadhaa kabla halijafika barabarani.

Tunabaki na nini, basi? Mrabaha wa gesi unakwenda Hazina. Halmashauri inachopata kwa sheria ni ushuru wa huduma. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1982 inairuhusu halmashauri kutoza kampuni sehemu ndogo ya mauzo yake, na kiwango tulichokizoea kwa miaka mingi kilikuwa asilimia 0.3 ya mauzo baada ya kuondoa VAT na ushuru wa bidhaa. Maana yake, katika kila shilingi bilioni moja ya mauzo, shilingi milioni tatu. Ni kidogo, lakini kwa halmashauri ya wilaya ni kitu kikubwa. Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara ina visima vya Msimbati na kiwanda cha kuchakata gesi cha Madimba, na tangu 2015 ina kiwanda cha saruji cha Dangote pia. Ukiitazama kwenye karatasi, ni halmashauri iliyobarikiwa.

Lakini hebu fikiria dawati la mweka hazina wa halmashauri yoyote ya vijijini. Kampuni inaleta malipo na barua: mauzo yetu ya robo mwaka ni kiasi hiki, ushuru wake ni huu hapa. Yeye atajuaje kama mauzo ni hayo? Anahitaji mtu anayejua bei ya gesi inavyopangwa kwenye mkataba, gesi inavyopimwa, fedha za kigeni zinavyobadilishwa, na mauzo yanavyogawanywa kati ya mwekezaji na shirika la petroli la taifa, TPDC. Mtaalamu wa namna hiyo mshahara wake hauwezi kulipwa na halmashauri moja. Na kuna swali jingine linalozisumbua halmashauri nyingi: kampuni yenye ofisi kuu Dar es Salaam na kazi kijijini, ushuru wake ulipwe wapi na kwa mgawanyo gani?

Hapa naiona kazi ya jumuiya iliyo wazi kabisa. Mtwara haiko peke yake. Kilwa ina Songosongo. Lindi inasubiri mradi mkubwa wa gesi ya kimiminika. Geita, Msalala, Tarime zina dhahabu. Zote zina mweka hazina aliyekaa mbele ya barua kama ile. ALAT ikiajiri wahasibu wawili au watatu wa madini na gesi, wakawa wanazunguka kwenye halmashauri hizi na kukagua mauzo, gharama ikigawanywa haisikiki, na mapato yatakayopatikana yatairudisha mara nyingi. Ripoti za TEITI, ile taasisi ya uwazi katika madini, mafuta na gesi iliyopata sheria yake 2015, tayari zinaonyesha kampuni ilisema imelipa nini na serikali ilisema imepokea nini. Mahali pa kuanzia papo.

Na si ndoto. Kwa miaka mingi migodi mikubwa ya dhahabu ilikuwa ikizilipa halmashauri dola za Marekani 200,000 kwa mwaka, basi, kwa kuwa mikataba yao ilisema hivyo, hata mgodi uuze dhahabu kiasi gani. Suala hilo lilisukumwa mpaka, katikati ya miaka ya 2010, migodi ikakubali kulipa asilimia 0.3 ya mauzo. Geita ikaanza kupata fedha ambazo awali haikuwa ikiziona. Halikuvunjwa jiwe hata moja. Mtu alikaa akasoma sheria, akasoma mkataba, akapiga hesabu, akadai.

Kipo kifungu kingine ambacho naona kinalala. Sheria ya Petroli ya 2015 inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii, na mpango huo ukubaliwe na halmashauri husika. Halmashauri nayo imepewa wajibu wa kuandaa mwongozo, kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi. Sheria imesema ukubaliwe na halmashauri, haijasema kampuni ichague yenyewe darasa la kupaka rangi na siku ya kupiga picha. Ni halmashauri ngapi zina mwongozo ulioandikwa vizuri? Jumuiya ingeweza kuandika mwongozo mmoja wa mfano, kila halmashauri ikaurekebisha kwa hali yake. Hiyo ni kazi ya mwanasheria mmoja mzuri kwa miezi michache.

Nimeitaja Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara. Sasa tumtazame jirani yake, maana hapa pana jambo la kwetu wenyewe. Mkoa wetu una halmashauri tisa: Manispaa ya Mtwara-Mikindani, Wilaya ya Mtwara, Mji Nanyamba, Newala mbili, ya mji na ya wilaya, Tandahimba, Masasi mbili, ya mji na ya wilaya, na Nanyumbu. Nanyamba ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mtwara mpaka 2015 ilipogawanywa. Siku ya kugawana, visima vilibaki upande mmoja na Nanyamba ikaondoka na korosho zake na sehemu ya bonde la Ruvuma. Mtu wa Kitaya na mtu wa Msimbati walikuwa chini ya baraza moja, leo mmoja halmashauri yake inapokea ushuru wa gesi na mwingine haioni hata senti yake. Mipaka ya utawala huchorwa, hilo nalikubali. Lakini ukiwakuta wenyeviti tisa wa mkoa huu kwenye ALAT Mkoa, hawa si watu wenye shida moja. Mmoja ana bandari, mmoja ana gesi na saruji, mmoja ana daraja la mpakani la Mtambaswala, wengine wana korosho peke yake, na msimu ukiharibika baraza zima linakuwa na mikono mitupu.

Nguvu ya tawi la mkoa ingekuwa ni kuwakalisha hawa tisa wakubaliane kwanza wao kwa wao. Mradi wa maji wa Makonde, unaowahudumia watu wa Newala, Tandahimba na Nanyamba, unatufundisha kitu: pampu ikisimama, halmashauri zaidi ya moja zinakauka kwa pamoja, na hakuna inayoweza kuitengeneza kwa ajili yake peke yake. Mambo mengi ya Kusini yako hivyo. Wadudu na ukungu wa mikorosho haviulizi umevuka halmashauri gani. Kangomba, yule mlanguzi wa korosho, akifukuzwa Tandahimba anahamia Newala. Samaki wa Ghuba ya Mnazi, ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2000, wanavuliwa na watu wa halmashauri zaidi ya moja na wengine kutoka nje ya mkoa kabisa.

Na mto Ruvuma wenyewe. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipokaribia, Mtwara ilifunga shule na ofisi. Kikapiga Cabo Delgado ya Msumbiji, ng'ambo tu ya mto. Oktoba 2020 wavamizi walivuka mto wakaishambulia Kitaya. Watu walikufa, nyumba zikateketea. Ulinzi ni wa Serikali Kuu na vyombo vyake, hilo halina mjadala. Lakini aliyekimbia usiku na watoto anafikia wapi? Kwenye shule ya msingi ya halmashauri, zahanati ya halmashauri, kwa mtendaji wa kata wa halmashauri. Halmashauri ya mpakani inabeba mzigo ambao halmashauri ya katikati ya nchi haiujui, na fomula za ruzuku zinapopigiwa hesabu mtu lazima awepo wa kulisema hilo. Wenzetu wa Msumbiji nao wana jumuiya ya manispaa zao, ANAMM. Sioni kwa nini jumuiya hizi mbili zisikae meza moja juu ya kivuko cha Kilambo, masoko ya mpakani, kipindupindu na vimbunga.

Sasa niseme jambo gumu kidogo. Ndani ya ALAT, halmashauri inawakilishwa na mwenyekiti au meya, ambaye anatokana na madiwani waliochaguliwa, na pia na mkurugenzi, ambaye ameteuliwa na Rais. Wakurugenzi wetu wengi ni wachapakazi, na wao ndio wenye takwimu. Bila wao jumuiya itakuwa na sauti bila ushahidi. Lakini jambo likiwa ni halmashauri dhidi ya uamuzi wa Serikali Kuu, mkurugenzi tunamweka mahali pagumu: aliyemteua ndiye anayedaiwa. Tusimlaumu kwa kunyamaza. Wenyeviti na mameya ndio wanaopaswa kushika kipaza sauti siku hiyo, wakiwa wameandaliwa na wataalamu wao vizuri.

Majirani zetu Kenya walikwenda njia nyingine. Katiba yao ya 2010 inazihakikishia kaunti zisizopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, na Baraza la Magavana limewekwa na sheria ya 2012, halisimami kwa hiari ya wanachama. Julai 2019, Bunge la Kitaifa na Seneti waliposhindwa kukubaliana juu ya mgao, magavana waliandamana kwa miguu hadi Mahakama ya Juu kuomba mwongozo wa Katiba, na mwaka uliofuata mahakama ikautoa. Sisemi tuige kila kitu. Gavana amechaguliwa na kaunti nzima na nchi yao ina matatizo yake ya fedha za kaunti. Ninachokitamani ni kile kifungu cha asilimia 15. Chama kinachodai huku kikishikilia tarakimu iliyoandikwa kwenye Katiba hakihitaji kupiga magoti. ALAT ni chama cha hiari chenye katiba yake, na madai yake makubwa ya miaka ijayo, kwa maoni yangu, yangekuwa hayo: sheria iseme kiwango cha chini cha fedha za halmashauri, na chanzo chake kisichukuliwe bila fidia iliyoandikwa.

Kabla ya kufika huko, yapo ya kuanzia hapa nyumbani. ALAT Mkoa wakikutana huwa wanatembelea miradi ya halmashauri mwenyeji: darasa, zahanati, soko. Ni vizuri, mtu hujifunza kwa kuona. Lakini kikao kikiisha na ziara na chakula cha mchana, wananchi wamepoteza siku. Natamani kila kikao kitoke na karatasi moja: madai ya halmashauri tisa za Mtwara kwa mwaka huu, yasizidi matano, kila dai na kifungu chake cha sheria na hesabu yake. Karatasi hiyo isomwe kwenye kila baraza la madiwani, ibandikwe kwenye ofisi za kata pale panapobandikwa mapato na matumizi, na wabunge wote wa mkoa wapewe kabla ya kwenda kwenye bajeti. Mwaka ukiisha, mwenyekiti wa ALAT Mkoa aje redioni atuambie lipi limekubaliwa na lipi limekataliwa. Kipindi hiki kitampa nafasi.

Na wewe msikilizaji una kazi. Mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa wananchi. Una haki ya kuingia, kukaa na kusikiliza. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na hapo una haki ya kuuliza. Diwani wako akija, mwulize maswali haya matatu: halmashauri yetu imelipa ada ya ALAT shilingi ngapi mwaka huu? Kata yetu imepeleka dai gani kwenye ALAT Mkoa? Na jibu limerudi lini? Akikosa jibu mara ya kwanza mwache akatafute, ila mkutano unaofuata umwulize tena.